Chipu ya Sauti Kutoka Bungoma

Jumamosi, Septemba 2008. Kitale.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya huku inayoanza kama mzaha halafu inakataa kwenda. Imekatika sasa hivi tu. Niko saiba, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo herufi zake nyingine zinakwama, na mwenye duka ameshaanza kufagia. Ameniambia nikazane, anataka kufunga mapema.

Mwangi amekuja leo. Na ameenda.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Sioni namna nyingine ya kuanza.

Kwa unayesoma blogu hii mara ya kwanza: mimi ni Nafula, fundi wa redio na televisheni hapa mjini. Mwangi alikuwa mchumba wangu. Alikuwa na ukumbi wa gemu karibu na soko, chumba kimoja cha mabati chenye mashine kubwa za zamani, zile za kusimama, skrini iko ndani ya kabati la mbao na chini yake kuna tundu la kutumbukiza sarafu. Alizitoa kwenye hoteli fulani iliyokuwa inafungwa. Zilikuwa zinaharibika kila mara, na mafundi wengine walikuwa wamezikimbia. Mimi sikukimbia. Nilianza kwenda kwa ajili ya mashine, halafu nikawa naenda hata siku ambazo mashine zote ni nzima.

Mama yake na ami zake, watu wa Kiminini, walikuwa waje kwetu Matulo mwanzoni mwa mwaka huu kuzungumza na baba. Mama yangu alikuwa ameshaazima masufuria makubwa. Kisha uchaguzi ukaja, na yaliyofuata kila mtu wa huku anayajua, sina haja ya kuyasimulia. Watu wenye majina kama la Mwangi waliambiwa hapa si kwao. Shamba la Kiminini liliachwa na mahindi yake ghalani. Ukumbi ulivunjwa, ukachomwa. Mwangi na mama yake walikaa kambini kwa muda, halafu wakaenda kwa mjomba wake Nyahururu.

Mimi siku ile nilikuwa Matulo, barabara zimefungwa. Niliporudi Kitale, mdogo wangu Wekesa, ambaye wakati huo alikuwa anasukuma mkokoteni pale sokoni, alikuja kwenye chumba changu karibu na Kipsongo akiwa na mashine moja juu ya mkokoteni, ameifunika gunia. Ilikuwa gemu ya ndege. Ubavu mmoja ulikuwa umeungua, kioo kimepasuka, nyaya zimening'inia nyuma. Akasema, "Dada, hii tu ndiyo nimeweza kukuokolea."

Nililia. Nilimkumbatia Wekesa, ambaye si mtu wa kukumbatiwa. Nikatoka kutafuta nyama, na siku zile nyama ilikuwa shida, nikampikia na ugali, akala akiwa ameinamia sahani bila kuongea. Nikadhani ni uchovu.

Tangu wakati huo mashine imekaa chumbani kwangu, kati ya kitanda na jiko. Nilijiambia nitaitengeneza yote, mpaka sauti, halafu nitampigia Mwangi aje aione. Kichwani mwangu mambo yalikuwa mepesi kabisa. Mashine ikiwaka, Mwangi atajua kuna kitu kimebaki. Akijua kuna kitu kimebaki, atarudi.

Usinicheke.

Kupata vipuri vya mashine ya zamani hivyo ni kazi ya kuomba na kuokota. Huwezi kuingia dukani Kitale ukaulizia kitu kilichotengenezwa kabla hujaanza shule. Transfoma ya skrini niliitoa kwenye televisheni kuukuu ya mteja aliyekuwa ameitupa. Swichi ndogo za vitufe nilizipata ndani ya mashine mbovu ya fotokopi, zile zinazojua kama mlango umefungwa ama uko wazi. Kioo nilikatiwa na fundi wa madirisha. Skrini ilipowaka na ndege zikaonekana, zikiruka kimyakimya kwenye giza lao, nilikaa kitandani nikazitazama kama mtu anayetazama habari za kwao.

Lakini hakukuwa na sauti. Kwenye ubao wa ndani kuna chipu moja nyeusi, ndefu, yenye miguu arobaini kama tandu, na hiyo ndiyo inayotoa milio yote: ndege, risasi, na ule wimbo mfupi wa mwanzo. Yangu ilikuwa imekufa. Moto haukuifikia, nafikiri ni maji aliyomwaga Wekesa kuuzima. Na chipu hiyo haitengenezwi tena.

Niliulizia Eldoret. Niliulizia Nakuru. Nilimpigia muuzaji mmoja Nairobi, akaniapia anayo, akaituma kwa basi ikiwa imefungwa kwenye pamba na karatasi ya aluminiamu, safi, maandishi meupe yanang'aa. Yaling'aa mno. Nilichukua dawa yangu ya kutoa rangi ya kucha, nikasugua kidogo, na maandishi yakaja yote kwenye pamba. Chini yake kulikuwa na jina la chipu nyingine kabisa, ya kazi nyingine. Nilicheka peke yangu chumbani. Halafu sikucheka tena.

Mwezi uliopita mteja wa Bungoma aliyeniletea redio akaniambia kuna mama mmoja kule kwao alikuwa na baa, na ndani kuna mashine kama yangu. Siku iliyofuata nilifunga duka langu la ufundi nikaenda.

Baa ilikuwa imefungwa siku nyingi. Mama Nasambu, mwenye nayo, ni mjane wa umri wa nyanya yangu, mrefu, ana kitambaa cha kijani kichwani na sauti ya mtu aliyezoea kutuliza walevi. Alinifungulia mlango wa nyuma. Mashine ilikuwa pale, ubao wa nyuma umeondolewa, na ndani yake kulikuwa na nyasi na kuku.

"Kuku wanararia humo," akasema. "Tangu mzee wangu aende. Yeye ndiye arikuwa anacheza. Wateja wakienda nyumbani, yeye anabaki anapigana na ndege."

Nilimwambia sitaki mashine yote, nataka kitu kimoja tu ndani yake, kidogo kama kidole. Nikamwambia pia ukweli, kwamba nikikitoa, mashine yake haitakuwa na sauti.

"Ya nani hiyo unasumbukia hivi?"

"Ya mchumba wangu, mama. Ako mbali."

"Arienda ama aritoroka?"

"Alifukuzwa."

Alijua bila kuuliza zaidi, kila mtu Bungoma pia anajua. Akainama, akamtoa kuku kwa mikono miwili, akamweka chini taratibu kama mtoto.

"Toa," akasema. "Toa porepore, usiivunje."

Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia tochi. Chipu ilikuwa imechomekwa kwenye kitako chake, haikuhitaji kuyeyusha risasi ya kulehemu, lakini kutu ilikuwa imeshika miguu na nilichukua muda kuing'oa, upande huu kidogo, upande ule kidogo, huku nimezuia pumzi. Ilipotoka nzima, Mama Nasambu alipiga makofi. Alikataa nimlipe. Alisema tu kwamba siku ikiimba, nimpigie simu asikie.

Ikaimba. Niliichomeka usiku uleule niliorudi, nikawasha umeme, na ule wimbo mfupi wa mwanzo ukatoka, mwembamba, wa kuchekesha, vilevile ulivyokuwa ukitoka kwenye chumba cha mabati karibu na soko. Nilimpigia Mama Nasambu, nikaweka simu kwenye spika. Sikusikia alichosema. Nilisikia anacheka, halafu nikasikia hacheki tena, na tukaachana hivyo.

Kisha nikampigia Mwangi. Nilimwambia, kuja uone kitu. Akasema atakuja Jumamosi.

Leo.

Nilifagia chumba mpaka sakafu ikachoka. Nilinunua mandazi. Nilivaa gauni langu la maua, nikalivua, nikalivaa tena.

Alifika mvua ikiwa imekolea. Amekonda. Alikuwa na koti la mtu mwingine, la mjomba wake nafikiri, mabega yake yameanguka mpaka karibu na viwiko, na kofia ameivuta chini ingawa alikuwa ameshaingia ndani. Kabla ya kuketi alichungulia dirishani, kule alikotoka.

"Sasa, Nafula."

"Poa. Karibu."

Tukasalimiana kwa mkono. Mimi na Mwangi, kwa mkono, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Nilimpa chai. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Niliuliza mama yake, akasema yuko, presha inamsumbua. Akauliza baba na mama Matulo, nikasema wako. Halafu sikuweza kungoja tena, nikavuta shuka niliyokuwa nimeifunikia mashine. Nikawasha.

Skrini ikapata moto polepole. Ndege zikaja. Wimbo ukaanza.

Nilikuwa nimemwangalia usoni, kwa sababu kwa miezi yote hii ndicho nilichokuwa nikikingoja, uso wake. Nikaona unakuwa kama ukuta.

"Zima."

Nilidhani sijasikia vizuri, kwa ajili ya mvua kwenye mabati.

"Zima sauti, Nafula. Tafadhali."

Nilichomoa waya. Mwangi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia kwenye simu. Siku ile mama yake alikuwa amemletea chakula cha mchana. Waliposikia kelele sokoni Mwangi alifunga milango kwa kufuli, ya mbele na ya nyuma, wakakimbia wakajificha kwenye kibanda cha jirani mwenye mashine ya kusaga mahindi, na mbao za kibanda hicho zina nafasi katikati. Hakuwa amezima umeme. Kwa hiyo watu walipofika, gemu ya ndege ilikuwa inaendelea kuimba peke yake ndani. Mlango ulipofunguliwa, sauti ikawa kubwa zaidi. Waliusikia wimbo huo, yeye na mama yake, mpaka mtu alipochomoa waya.

Nikasema pole. Ndilo neno nililokuwa nalo.

Akaitazama mashine, ule ubavu ulioungua ambao nimeupiga msasa na kuupaka rangi.

"Hii ilikufikia aje?"

"Wekesa aliiokoa," nikasema. Nilisema kwa fahari, Mungu wangu. "Aliileta kwa mkokoteni. Aliweza hii moja tu."

Mwangi akageuka kuniangalia.

"Wekesa ndiye alikwambia aliiokoa?"

"Ndio."

Akaweka kikombe chini, kwenye sakafu, kwa uangalifu sana.

"Nafula, mimi nilimwona. Mama pia alimwona. Alikuja na wao."

Nikasema hapana. Nikasema labda alikuwa anapita, labda alikuwa anajaribu kuwazuia, unajua watu walivyokuwa wengi.

"Walishindwa na mlango wa mbele. Yeye ndiye aliwazungusha nyuma. Si alikuwa anakuja na wewe pale? Alijua ile kufuli ukiivuta kwa nguvu inafunguka bila funguo." Alikuwa anaongea polepole, kama anayenisomea. "Sitaki kumwongezea. Hakupiga mtu. Hakubeba panga. Alifungua mlango, wakaingia, na yeye akabeba mashine."

Mvua ikaendelea. Nakumbuka niliangalia mandazi kwenye sahani na nikafikiria kwamba yatapoa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia aje, kwa simu? Mwanzo nilidhani unajua. Halafu nikadhani hujui. Nikashindwa ni gani mbaya zaidi."

Kisha akasema hivi, na nitajaribu kuandika kama alivyosema: "Mama huniuliza kila siku, yule msichana alijua? Namwambia hapana, hakujua. Leo nimekuja nione kama nimekuwa nikimdanganya mama yangu."

"Na umeona nini?"

"Nimeona hujui." Na hapo ndipo alipolia. Mwangi, ambaye kambini alikuwa akinipigia simu kunituliza mimi. "Umeitengeneza yote, Nafula. Mpaka sauti. Mtu anayejua hawezi kufanya hivyo."

Nilimwambia nitaenda Nyahururu. Nilimwambia sihitaji harusi Matulo, sihitaji chochote, nitafungasha nguo zangu leo na vifaa vyangu vya kazi, redio zinaharibika kila mahali. Nilimshika koti lile kubwa. Nilisema mambo mengi ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyasema kwa haraka hivyo, na siyajutii.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na watoto wetu," akasema, "Wekesa atakuwa nani yao? Si atakuwa mjomba wao? Si ndiye nitampa kiti cha mbele kila siku tukiwa na sherehe? Mama akae wapi siku hiyo?"

Nikaliachilia koti.

Aliondoka mvua ikiwa bado inanyesha. Aliniomba nisimsindikize stejini kupanda matatu, alisema hataki watu wamwone, lakini nafikiri hakutaka nimwone yeye. Mlangoni aliweka mkono wake kichwani pangu, juu ya nywele nilizosukwa jana kwa ajili yake, akaubakisha hapo. Mashine hakuiangalia tena. Nilipouliza nifanye nini nayo akasema, "Fanya unavyotaka. Mimi sitaichukua."

Nilikaa sakafuni karibu na kikombe chake. Chai ilikuwa nusu.

Halafu nikampigia Wekesa. Siku hizi yuko Matulo, anamsaidia baba shambani. Nilisikia ng'ombe nyuma yake na redio ya mama.

"Wekesa, siku ile pale kwa Mwangi, ulikuwa na wao?"

Nikasikia akisogea mbali na redio.

"Dada, wangechoma yote."

"Nimeuliza kama ulikuwa na wao."

"Walinijia sokoni. Wakasema, si wewe unajua pale, si ni kwa shemeji yako. Wakasema nikikataa ni kwa sababu tumeshauza dada yetu." Sauti yake ikawa ya mtoto. "Nilifungua mlango. Nilifungua, ni kweli. Halafu nikaona ile gemu yako ya ndege, nikakumbuka wewe. Nikaitoa moto ukiwa umeshashika ubavu. Ati ningefanya nini, dada? Niambie, ningefanya nini?"

Nikakata simu. Amepiga tena na tena. Iko hapa kwenye mkoba, nimeizima.

Nimekuwa nikitembea mjini na mwavuli tangu hapo, na kila nikifikiria, nafika palepale. Nataka awe mwizi tu, ili nimchukie vizuri. Au awe mwokozi tu, kama nilivyoamini nilipompikia ile nyama. Lakini ni yuleyule mmoja. Mkono uliofungua ndio ulionibebea mashine mpaka kwangu, njia yote ya vumbi, na watu wakiwa bado barabarani. Nilimbeba mgongoni mwangu huyu. Alipoumwa surua mimi ndiye niliyekesha naye.

Na Mwangi sina sababu hata moja ya kumlaumu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kama angenikosea ningekuwa na kitu cha kumkumbushia, cha kumpigia simu. Amekuja kwenye mvua, akaniambia ukweli bila kunitukana, akaniamini, na akaniacha.

Leo sitalala chumbani kwangu. Nimemwomba jirani, amesema kuna nafasi kwa binti yake.

Mwenye saiba amefika miguuni pangu na ufagio. Ameona ninavyofuta macho, amerudi nyuma, anajifanya anapanga viti.

Kesho naenda Matulo. Mama hajui. Mpaka leo anawasimulia majirani jinsi kijana wake alivyookoa mali ya shemeji yake kwenye moto, na amesimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa anasimulia akiigiza sauti za watu. Baba humsikiliza na kutikisa kichwa, ameridhika. Nitawavunja wote wawili na najua hivyo. Lakini sitaweza kuketi mezani kwao tena nikisikiliza simulizi hiyo, na huko Nyahururu kuna mama mwingine anajua iliyo ya kweli. Wekesa ataisema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yao, nami nikiwepo. Sitamsemea, na sitamwacha peke yake.

Baada ya hapo sijui. Labda Mwangi atasikia kwamba kwetu imesemwa. Labda haitabadilisha kitu.

Jumapili mama huamka mapema kupiga pasi nguo za kanisani. Nataka nifike akiwa bado na pasi mkononi, kabla hajavaa, kabla mtu yeyote hajampitia. Nitamwondolea ile pasi, nimketishe. Halafu nitamwita Wekesa.